Nani Anamlaza Saada?

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole, ila sirudii yote. Kwa kifupi, mke wangu Hajira alifungasha akarudi kwao Likunja, kule Ruangwa. Mimi nikabaki Nachingwea na mama yangu, Bi Sikuzani, pamoja na mziki wangu wa kukodisha, spika zimepangana sebuleni mpaka karibu na dari.

Binti yetu Saada, wa darasa la awali, anakaa kwangu siku za shule. Ijumaa anapelekwa kwa mama yake, Jumapili anarudi.

Niliwaachia pale Mwalimu Magreti aliponipigia simu Jumatatu asubuhi. Saada kalala juu ya dawati, anaitwa haitiki, anapanguswa uso kwa maji anafumbua macho na kuyafumba tena. Uji wa shule ulikuja ukaisha, mtoto hana habari.

Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Msomaji wa Masasi kasema ni degedege. Wa Liwale kasema ni jini la ukoo. Mwingine, hakutaja alipo, kaniambia nioe haraka nipate wa kumwangalia mtoto. Asanteni kwa utaalamu wenu. Mlikosea wote, lakini hakuna aliyekosea kwa kujiamini kama mimi.

Nilimbeba Saada begani kutoka shuleni. Kufika alasiri alikuwa mzima, anaruka kamba na kuomba muhogo. Nikasema ngoja nifungue begi lake alilorudi nalo kutoka Likunja, ambalo lilikuwa bado limening'inia msumarini.

Chini ya magauni nikakuta chupa ya dawa ya mafua, ile ya maji, imebaki nusu. Saada hakuwa na mafua. Mwezi mzima hakupiga chafya hata moja.

"Saada, hii nini?"

"Ya kulalia," akasema, mdomo umejaa muhogo.

"Ya kulalia?"

"Mwache mtoto ale, Harithi!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Atapaliwa!"

Nikamwacha. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Begi limetoka Likunja, chupa imo ndani ya begi, na mwenye Likunja ni Hajira. Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angefunga kesi hapo akaenda kunywa chai.

Nikakumbuka pia kwamba Jumamosi Hajira alinipigia nikiwa kwenye sherehe, spika zinanguruma. Nikasikia jina la Saada na maneno mengine yaliyomezwa na besi. Nikamwambia, "Sikusikii, niko kwenye mziki," nikakata. Sasa nikajiambia, kumbe alitaka kuungama. Mwanamke akishaharibu, ndipo anapotafuta simu.

Kesho yake nikaipeleka chupa duka la dawa, pale karibu na soko. Muuzaji ni binti mmoja anaitwa Faudhia, mtaratibu, kila neno analipima.

"Hii inafanya kazi gani?" nikamwuliza.

"Ya mafua. Ila wamama wengi wanaichukulia usingizi. Msimu huu wa korosho ndiyo kabisa. Watu wanataka kuwahi shamba, basi watoto wote wa Nachingwea wana mafua."

"Mke wangu wa Ruangwa ndiye anayemlevya mwanangu kwa hii."

"Wa Ruangwa?" Akaniangalia. Akaangalia chupa. Akaniangalia tena. "Mwambie huyo anayempa aache, kaka. Mtoto halazwi na dawa ya mafua. Na kama anapima kwa kukadiria, ipo siku ataitwa na hataamka."

"Nitamwambia. Mbele ya watu."

"Haya. Msalimie mama."

Nikaondoka nikisema moyoni, huyu binti kalelewa vizuri, hata wazazi wa wateja anawakumbuka.

Najua wengine mmeshacheka. Chekeni. Mimi nilikuwa nawasha pikipiki.

Sasa, kwa ambao si wa huku kwetu, niwaeleze jambo moja. Huku baba utanunua viatu, utanunua madaftari, utabeba mtoto mgongoni hospitali na kurudi, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba wake. Mjomba wa Saada ni shemeji Kaimu, kaka mkubwa wa Hajira. Utaratibu huu sijawahi kuupenda. Mtoto nimzae mimi, amri atoe mtu ambaye hata jina la mwalimu wake halijui. Lakini safari hii niliupenda sana, maana nilikuwa na ushahidi, na nilitaka Kaimu mwenyewe amnyang'anye dada yake mtoto kwa mdomo wake.

"Mama, Jumamosi tunakwenda Likunja," nikasema. "Utakuwa shahidi wangu."

"Mie miguu inaniuma."

"Tunakwenda kwa gari."

"Na tumbo."

"Mama, mjukuu wako analeweshwa!"

Mama akafunika sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani. "Yaishe humu humu, mwanangu. Mtoto si ameamka?"

Nikaona huyu mama ana huruma mno, na watu wenye huruma ndio wanaowapa nafasi akina Hajira. Ijumaa nikamzuia Saada asiende kwa mama yake. Jumamosi asubuhi nikawapakia wote wawili kwenye gari ya Ruangwa. Nilipanga nimalize kesi kabla ya saa saba, maana jioni nilikuwa na harusi ya watu wakubwa kule Mtua, na gari la kubebea spika lingekuja kunifuata.

Tulimkuta Kaimu kibarazani, kamwaga korosho kwenye turubai, anachambua nzuri huku na mbovu huku. Alitusalimia vizuri, akamtandikia mama mikeka miwili, akarudi kwenye korosho zake. Hajira akatoka ndani. Saada akamkimbilia, wakakumbatiana, na mimi nikatazama pembeni kama mtu asiyejali.

"Shemeji, sikuja kugombana," nikaanza. "Nimekuja na ushahidi."

Nikaiweka chupa katikati ya mkeka.

"Hiyo chupa..." Hajira akasema.

Kaimu akamwonyesha kiganja. "Subiri. Mwache mgeni amalize."

Nikafurahi. Nikadhani yuko upande wangu.

Nikasimulia habari ya dawati, ya mwalimu, ya begi, ya binti wa duka la dawa. Nilisema vizuri, nyie mngekuwepo mngenipigia makofi. Nikasema mzazi anayemlaza mtoto kwa dawa ni mvivu aliyekosa hata aibu. Hana hadithi ya kumsimulia mtoto, hana mgongo wa kumbembeleza, hana subira. Anataka mtoto awe kama redio, ukichoka nayo unazima.

"Maneno mazito," Kaimu akasema, anachagua korosho.

"Na sijamaliza. Nataka uamue leo, hapa, kama mjomba. Aliyemlaza Saada kwa dawa asikae naye nyumba moja tena. Awe nani."

"Awe nani?"

"Awe nani, shemeji."

"Mmesikia wote," akasema.

Mama akakohoa. "Harithi, baba, twende tukanywe maji kwanza."

"Maji baadaye, mama."

Kaimu akafuta mikono kwenye msuli aliojifunga, akaichukua chupa, akaigeuza, akairudisha mkekani. "Hizi dawa za watoto huja na kikombe kidogo cha kupimia. Cha hii kiko wapi?"

"Muulize dada yako."

"Ilifika kwangu hivyo hivyo, haina kikombe," Hajira akasema.

Nikacheka kicheko kirefu. "Ilifika kwako! Ilitembea?"

Saada wakati huo alikuwa kajilaza mapajani mwa bibi yake, anachezea ncha ya kanga. Akasema taratibu, wala hakuinua kichwa, "Kikombe anacho Baba."

"Kikombe gani, mama?" Kaimu akamwuliza.

"Kile anachowekea skrubu."

Ndugu wasomaji, kikombe hicho nakijua. Ni cha plastiki, kidogo, kina mistari ubavuni. Nilikiokota rafuni jikoni, nikaona kinaenea vizuri kwenye meza yangu ya ufundi, nikajaza skrubu za spika. Wala sikujiuliza kimetoka wapi. Kila siku nakishika.

Mkono wa Kaimu ukasimama juu ya turubai.

"Kikombe kipo kwako," akasema, "kwenye skrubu. Sasa huyo anayempa mtoto dawa, anapimia nini?"

Nikageuka kumtazama Hajira. Hajira alikuwa anamtazama mama yangu. Na mama yangu alikuwa anatazama mkeka.

"Kijiko," mama akasema.

"Kijiko kipi, mama?" Kaimu akauliza kwa upole.

"Hivi vya kulia wali. Ningefanyaje? Nimetafuta kikombe jikoni kote sikioni. Kumbe huyu kakijaza misumari yake."

"Mama!" nikasema.

"Usinipigie kelele, Harithi. Kelele zako zinanitosha za nyumbani." Akajiweka sawa, na ile sura ya tumbo na miguu ikaondoka yote. "Mtoto halali. Ukishaswali isha unaunga nyaya zako, unaanza moja mbili, moja mbili, mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mtoto analia. Sasa mwambie shemeji yako, ukisikia mtoto analia, unasemaga nini?"

Nikaanza kumsaidia shemeji kuchambua korosho.

"Nitasema mie. Anasema, 'Mama, mnyamazishe huyo, nashindwa kusikia spika.' Haya. Nikamnyamazisha."

"Kwa dawa ya mafua, mama?" Kaimu akauliza.

"Ya dukani. Boksi lake lina picha ya mtoto anacheka. Ingekuwa mbaya wangeweka mtoto anacheka?"

Nilitamani kumzomea mama yangu mzazi kwa akili hiyo ya boksi, lakini nikakumbuka kwamba mimi hata boksi sikuwahi kuliona.

"Na Jumapili?" Hajira akamwuliza. "Jumapili ulimpa ngapi, mkwe?"

"Alirudi kutoka huku ana nguvu zote, na huyu alikuwa anajaribu spika mpya. Nikampa kimoja. Hakulala. Nikampa kingine."

Hajira akaweka mkono mdomoni. Akamnyanyua Saada kutoka mapajani mwa bibi yake, akamkumbatia, akawa anamtazama macho, anampapasa paji la uso, kana kwamba mtoto ndiyo kwanza anatoka kwenye lile dawati. Vijiko viwili vya wali. Ipo siku ataitwa na hataamka, ndivyo alivyosema yule binti, na mimi nikamwona kalelewa vizuri.

"Mimi niliiona hiyo chupa Jumamosi," Hajira akasema, sasa ananiambia mimi. "Nikakupigia. Ukaniambia hunisikii. Nikairudisha kwenye begi, nikasema akifungua ataiona. Sikujua mtu anaweza kukaa na begi la mwanawe toka Jumapili mpaka Jumatatu jioni bila kulifungua."

"Si ndimo ninamoifichaga, Ijumaa nikasahau kuitoa," mama akasema. "Begi la mtoto, Harithi atalifungua lini?"

Walikuwa wanaelewana! Mkwe na mkwe ambao walikuwa hawapeani chumvi, leo wananikamata huku na huku.

Nikaona bora niokoe kinachookoleka. "Basi, shemeji," nikasema. "Kumbe ni mama, mtu mzima, hakujua. Nitazungumza naye nyumbani. Mimi na Saada tuwahi gari."

"Kaa," Kaimu akasema. "Uliposema 'awe nani', ulikuwa unaongea na nani?"

Nikakaa.

Hapo mama, ambaye nilidhani kamaliza, akainua kidole. "Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe wote. Mie dawa hii sikuzaliwa nayo. Zamani tulikuwa tunawabeba tu mgongoni mpaka mnachoka wenyewe. Muulizeni Hajira nani kanifundisha."

Roho ikanirudi! Nikanyoosha mgongo. Nikasema moyoni, nilijua, nilijua toka mwanzo, mzunguko ulikuwa mrefu lakini tumefika.

"Enhe, Hajira," nikasema. "Zamu yako."

Hajira hakukataa. Ningependa angekataa.

"Ni mimi," akasema. "Mwaka jana, ulipoleta yale maspika ya Dar. Saada alikuwa na mafua kweli, akapewa hii dawa, akalala mpaka asubuhi. Kwa mara ya kwanza na mimi nikalala. Mafua yakaisha. Nikasema leo tu, nimechoka. Kesho ukawa na kazi nyingine, nikasema leo tu. Mama akaniona, akaniuliza, nikamwambia ni ya kumtuliza."

"Mnaona!" nikasema.

"Siku moja ukawasha spika kujaribu. Bado jua linawaka. Saada akaacha kucheza, akaenda jikoni, akachukua kile kikombe, akaja kukaa mbele yangu, akafungua mdomo. Sikumwita. Alisikia spika tu, akaja." Akamvutia Saada kifuani. "Kesho yake nikafungasha."

Mnakumbuka wiki zote hizi nimewaambiaje. Nimewaambia Hajira aliondoka kwa sababu ya mnunuzi wa ufuta mwenye pikipiki nyekundu. Nimewaelezea mpaka rangi ya shati lake. Mmenionea huruma, mmemtukana Hajira, mmemtukana mwenye pikipiki. Mwenye pikipiki, kama unasoma, nisamehe, na nyinyi mliomtukana mtafute namna yenu.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

"Nilikuambia. Ulikuwa kwenye mziki."

Kaimu akasukuma turubai pembeni. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuziacha kabisa zile korosho.

"Shemeji, kwa neno lako mwenyewe, mtoto huyu hana nyumba," akasema. "Kwako kuna bibi, ambaye kampa. Hapa kuna mama, ambaye ndiye aliyeanza. Sitamtetea kwa kuwa ni dada yangu. Aliyebaki ni baba tu, ambaye hajawahi kumlaza mtoto, kwa dawa wala bila dawa."

"Naweza kumlaza mwanangu!"

"Vizuri. Saa hizi ndio wakati wake wa kulala mchana. Mlaze, hapa, mbele yetu. Akilala mikononi mwako bila chupa, utarudi naye Nachingwea, na mama yetu huyu nitazungumza naye mimi. Akikushinda, anabaki Likunja, na dada yangu nitamchunga mwenyewe. Neno langu ndilo hilo."

"Dakika chache tu zitatosha," nikasema. Msinicheke. Nimewalaza watu wazima kwenye viti vya harusi kwa nyimbo za taratibu, ningeshindwa na mtoto wa awali?

Nikampokea Saada kutoka kwa mama yake. Alikuwa mzito na wa moto. Nikaanza kumpigapiga mgongoni, nikagundua kwamba sijui wimbo wowote wa mtoto. Nikaimba wa harusi. Akajinyonganyonga. Nikasimama, nikatembea naye kibarazani, akaanza kulia, kile kilio cha mtoto aliyechoka ambaye usingizi anautaka na haujui unapatikana wapi. Mama yangu alijiinamia. Hajira alikuwa kashika vidole vyake visije vikamponyoka kuja kunisaidia.

Simu ikaanza kuita mfukoni. Mtua. Gari la spika bila shaka lilikuwa limeshafika nyumbani, na watu wa bwana harusi wananitafuta. Ikaita ikakata. Ikaita tena.

Sikuizima. Nakiri, sikuizima. Mlio wa simu yangu ni kipande cha wimbo chenye besi nzito, nimekirekodi mwenyewe kwenye spika zangu.

Saada aliposikia ule mlio, akanyamaza ghafla. Akateleza kutoka mikononi mwangu, akashuka chini. Nikadhani anakwenda kwa mama yake, na Hajira naye alidhani hivyo, maana alishafungua mikono. Akampita. Akampita na bibi yake.

Akaiokota ile chupa pale mkekani, akarudi nayo mpaka nilipo, akanikabidhi mimi. Simu ikaita tena. Mwanangu akakaa chini mbele yangu, akafumba macho, akafungua mdomo.